Kichungi Kile Niliandika Mimi

KITUO CHA POLISI, CHUMBA CHA UPELELEZI
MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: Matone ya macho yaliyopita muda kutolewa kwenye ghala la dawa
Jina: Kama lilivyo kwenye kitambulisho kilichoambatishwa. Kazini naitwa Fundi Nukta.
Umri: Miaka 44
Kazi: Mtunza hifadhidata, ghala la dawa, miaka kumi na moja
Elimu: Kidato cha pili. Mengine yote nimejifundisha.
Makazi: Nyumba ya tatu kutoka kituo cha mafuta, upande wa karakana za maseremala
Tarehe na saa: Tarehe 13 mwezi wa tatu, saa 3:15 asubuhi

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza kwa akili timamu na kwa mwandiko wangu mwenyewe. Afande alianza kuniandikia yeye, lakini kufika mstari wa nne alikuwa ameshaninyooshea maneno mara tatu, nikamwomba kalamu. Ameniruhusu kwa sharti kwamba nisiweke majigambo. Nitajitahidi.

Niliingia kwenye lile ghala nikiwa mbeba maboksi. Usiulize nani alinifundisha kompyuta, maana hakuna. Ilikuwapo moja imefunikwa kitambaa kama maiti, wote wanaiogopa, na mimi wakati wa chai nilikuwa naifunua. Mwaka wa tatu nilikuwa nimeshajenga hifadhidata nzima ya ghala, kuanzia boksi la kwanza hadi dereva wa mwisho. Waliokuja kunikagua kutoka makao makuu, watu wenye tai, waliniuliza nimesomea wapi. Niliwaambia nimesomea hapo hapo kwenye kiti.

Mtu mnayemshikilia tangu juzi ni mkuu wa kitengo chetu cha kompyuta. Pia ni mwanyumba wangu: mimi nimeoa dada mkubwa, yeye ameoa mdogo. Ana shahada mbili. Naeleza hili mapema kwa sababu bila hilo maelezo yangu hayatakuwa na kichwa wala miguu.

Mnamo mwezi wa sita mwaka jana, barua yake ya kuomba kazi niliipeleka mimi kwa meneja. Niliibeba mkononi. Nilimwambia meneja, "Huyu kijana ni mtu wangu, ukimchukua hutajuta." Alimchukua, na kweli hajajuta hata siku moja, na hapo ndipo shida yangu ilipoanzia. Baada ya miezi mitatu alifanywa mkuu wa kitengo. Kitengo chenyewe ni watu wawili. Kwa hiyo alifanywa mkuu wangu.

Afande ameniuliza kama kulikuwa na ugomvi kati yetu. Hapakuwa na ugomvi. Ugomvi unahitaji wawili, na yule bwana hagombani. Ananiita kaka mbele za watu. Asubuhi akifika ananipitia kwanza mezani: "Kaka, umeamkaje? Mgongo?" Mtu wa namna hiyo utamchukia kwa lipi? Ilinibidi nitafute sababu mwenyewe.

Nyumbani kwa mama mkwe kuna kiti kimoja chenye mikono ya kuegemea. Kwa miaka tisa kiti hicho nilikalia mimi. Simu ya mama mkwe ikigoma, aliniletea mimi. Mnamo Jumapili ya tarehe 2 mwezi huu, mnamo saa nane mchana, nilifika na mke wangu nikamkuta mwanyumba amekaa kwenye kile kiti, na simu ya mama anayo mkononi. Nikanyoosha mkono kuichukua. Mama mkwe akasema, kwa upole kabisa, "Wewe mwanangu pumzika leo. Mwachie msomi." Mwanyumba aliruka kunipisha. Nilimwambia akae tu. Nilikalia stuli. Nimekaa kwenye stuli ile saa tatu nzima nikitabasamu, hadi mashavu yakauma.

Sasa nieleze kazi, na afande naomba uvumilivu. Hifadhidata ni stoo ya taarifa. Ndani yake kuna majedwali: jedwali la dawa, jedwali la wasambazaji, jedwali la madereva. Kila jedwali lina safu zake. Jedwali la dawa lina safu ya kuharibika, yaani tarehe ambayo dawa inaisha muda. Jedwali la wasambazaji lina safu ya ukomo, yaani tarehe ambayo mkataba wa msambazaji unaisha. Ukitaka kuitaja safu kikamilifu unaandika jina lenye sehemu tatu na nukta kati yake: ghala, jedwali, safu. Kwa mfano kuu.dawa.kuharibika, kuu likiwa ndilo ghala letu. Ni kama anwani. Mtaa, nyumba, mtu.

Mwezi wa pili meneja alitaka wafanyakazi waweze kujitolea ripoti wenyewe bila kutusumbua. Mtu aandike jina la safu anayoitaka, skrini imletee. Mwanyumba aliandika programu ya ripoti. Mimi nilipewa kichungi. Kazi ya kichungi ni kukagua jina kabla halijapita: likiwa baya, linazuiliwa kwa rangi nyekundu, likiwa zuri, linapita kwa kijani. Ripoti ya mwanyumba haikagui tena. Inaamini kwamba jina lililopita kichungi limeshakaguliwa, na kutoka hapo inaitafuta safu kwa ile sehemu ya tatu tu, popote ilipo. Tulikubaliana hivyo, na makubaliano yalikuwa ya busara, ilimradi kichungi kiwe kichungi.

Tarehe 4, Jumanne, saa kumi jioni, nilimaliza. Mwanyumba alikuja mezani kwangu.

"Kaka, nipe nikipitie kidogo kabla sijasaini."

"Ukipitie unatafuta nini?"

"Macho mawili ya ziada tu. Mimi mwenyewe huwa najikwaa."

"Wewe jikwae. Mimi nilikuwa naandika majina ya safu wewe ukiwa unaandika barua za mapenzi shuleni."

Alicheka, cheko la kweli, akasaini. Utaratibu wa kwetu ni kwamba kila programu inasainiwa na mkuu wa kitengo, na anayesaini ndiye anayejibu. Jina la mwandishi haliandikwi popote kwenye karatasi. Ndiyo maana karatasi mliyonayo ina sahihi yake peke yake.

Tarehe 5, Jumatano, saa tatu asubuhi, palikuwa na kikao chumba cha juu. Meneja wetu ni mama asiyepaza sauti. Sifa kwake ni kama mvua ya kiangazi, nami nimenyeshewa mara mbili katika miaka kumi na moja. Siku hiyo alimsimamisha mwanyumba, akasema, "Mfumo huu mpya ni kazi nzuri sana," na watu wakapiga makofi. Mwanyumba alifungua mdomo akaninyooshea kidole, anataka kusema jambo. Sikusubiri. Nilitoka, nikasema naenda kunywa maji. Nilikunywa maji kwa dakika ishirini.

Ndani ya hizo dakika ishirini, kama nilivyokuja kujua baadaye, meneja alitangaza kwamba kuanzia Ijumaa orodha za dawa za kutoka ghalani nazo zitatolewa kwa skrini mpya. Kila aliyekuwa ndani alisikia. Mimi nilikuwa naangalia bomba.

Tarehe 6, Alhamisi, saa nne na dakika kumi asubuhi, nilikuwa peke yangu mezani nachezea kichungi changu, kama mtu anavyokaa kuangalia nyumba aliyojenga. Nikaandika jina la kipuuzi makusudi: kuu.madereva.kuharibika. Madereva hawaharibiki, afande, ingawa kuna wawili pale nina wasiwasi nao. Jedwali la madereva halina safu hiyo. Nilitegemea nyekundu. Ikaja kijani.

Nilidhani macho. Nikaandika tena. Kijani.

Ilinichukua muda wa kikombe kimoja cha chai kuona nilichofanya. Kichungi changu kilikuwa kinauliza maswali matatu. Ghala hili lipo? Lipo. Jedwali hili lipo? Lipo. Safu hii ipo? Ipo. Basi pita. Hakikuwa kinauliza swali la nne, lile lenye maana kuliko yote: safu hii imo ndani ya jedwali hili? Nilikagua kwamba mtaa upo, nyumba ipo, na mtu yupo duniani, nisiulize kama mtu huyo anaishi nyumba hiyo. Mtu yeyote angeweza kubisha hodi mlango wowote na kichungi changu kikamkaribisha.

Mwanyumba angeliona hilo kwa nusu saa. Labda kwa robo. Naliandika hili likiniuma.

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja tu wa maandishi. Nilianza kuuandika. Nilikuwa nimefika katikati. Upande wa pili wa ukuta wa mbao, meneja alikuwa anawapitisha wageni wa makao makuu, nikamsikia: "Na huyu ndiye aliyetujengea mfumo." Nilisimama kidogo nikachungulia. Alikuwa amemwekea mwanyumba mkono begani. Mfumo. Hakusema skrini, hakusema ripoti. Alisema mfumo, ule niliouanza kwa kufunua kitambaa.

Nilirudi kukaa, nikafuta ule mstari, herufi moja moja.

Afande ameniuliza hapa nilikuwa nafikiria nini. Nilikuwa nafikiria Jumatatu. Wageni wale walikuwa warudi Jumatatu kuonyeshwa skrini rasmi. Nilipanga nikae nyuma, nimwache mwanyumba aeleze kwa Kiswahili chake cha vitabuni, kisha ninyooshe mkono, niombe kibodi kwa heshima zote, niandike tarehe ya kuharibika kwa madereva. Chumba kizima kingecheka. Sahihi ilikuwa yake. Halafu ningeketi nikirekebishe kichungi mbele yao kwa mstari mmoja. Nilishapanga hata shati.

Sikukusudia mtu aumie. Nilikusudia mtu aaibike. Kwa jinsi nilivyojua siku hiyo, skrini ile ilikuwa bado ya ripoti za mezani tu. Sisemi hivyo kujitetea. Nasema ndivyo nilivyojua, na sababu ya kutojua zaidi nimeshaieleza: nilikuwa nakunywa maji.

Tarehe 7, Ijumaa, saa tisa alasiri, mtunza stoo, dada mmoja makini sana ambaye namwomba afande asimsumbue, alikaa kwenye skrini mpya kutoa orodha ya dawa ambazo bado ni nzima. Aliandika kuu.dawa.ukomo. Kwake ukomo ni ukomo, tarehe ya dawa kufika mwisho; hana sababu ya kujua kwamba mimi miaka minane iliyopita niliiita safu hiyo kuharibika. Kichungi kilimjibu kijani. Ripoti ikaenda kutafuta ukomo popote ulipo, ikaukuta kwa wasambazaji, ikamletea tarehe ya mkataba. Mkataba wa msambazaji wa matone ya macho una miaka miwili mbele. Kwa hiyo kila boksi lake likaonekana zima kwa miaka miwili, pamoja na maboksi arobaini na sita yaliyokuwa yametengwa pembeni kwa kuisha muda tangu mwezi wa kwanza. Wapakiaji hufuata orodha, hawasomi maboksi, na gari lilitoka saa kumi kasoro dakika tano. Mimi nililiona likitoka. Nilimpungia dereva.

Tarehe 10, Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, nikiwa na lile shati, simu ililia ofisini kwa meneja. Muuguzi wa zahanati moja alikuwa amesoma tarehe kwenye boksi. Hapakuwa na maonyesho tena. Maboksi thelathini na tisa yalirudi hayajafunguliwa. Saba yalikuwa yamefunguliwa. Wagonjwa wengi walikuwa salama. Mmoja, mama fundi cherehani, jicho lake la kushoto lilivimba, akalazwa.

Tarehe 11, saa nne asubuhi, askari wawili walikuja wakamchukua mwanyumba. Nilisikia kwamba anashukiwa kushirikiana na msambazaji ili mzigo mbovu upite, kwa sababu mfumo ulikwenda kusoma tarehe ya msambazaji yule yule, na karatasi ina sahihi yake. Naelewa kwa nini mtu angefikiria hivyo. Akiwa anatoka alipita mezani kwangu. Nilingoja aseme. Alisema, "Kaka, mwambie shemeji yako nimesahau dawa ya presha ya mama kwenye droo. Ampelekee." Basi. Akatoka nao.

Tarehe 12, jana, saa tano asubuhi nilikwenda hospitali. Sikuwa na la kufanya pale, miguu ilinipeleka. Nilimkuta yule fundi cherehani amekaa kitandani, jicho moja limefungwa, anapasua mshono wa shati kwa wembe.

"Wewe ni nani wangu?" akaniuliza.

Nikasema natoka kule dawa ilikotoka.

"Ahaa. Sasa wewe ni wa pole au wa maua?"

"Wa pole."

"Haya, nimeipokea. Waambie wenzako nina sare thelathini za shule za kumaliza, na kwa jicho moja uzi hauingii kwenye sindano." Akanitazama kwa lile jicho zima. "Na wewe mbona unalia? Mgonjwa nani hapa?"

Daktari aliniambia jicho litapona. Hakusema lini.

Jioni ya jana, saa kumi na mbili, shemeji yangu, mke wa mwanyumba, alikuja nyumbani kwetu. Mama mkwe alikuwa naye. Walikaa. Shemeji alisema ameruhusiwa kumwona mumewe kwa dakika tano. Alimuuliza kichungi hicho aliandika nani. Mumewe akamjibu, "Nimesaini mimi, kazi ni yangu." Akamuuliza tena. Akajibu vile vile. Kumbe na ninyi mlimuuliza, na ninyi aliwajibu hivyo.

Mama mkwe akasema, "Huyo mtoto ana moyo."

Mke wangu alisikia. Tumeishi miaka kumi na tisa, na yeye ndiye anayejua kwamba mwezi mzima wa pili nilikuwa nakula mkono mmoja na kuandika kichungi kwa mkono wa pili. Alinitazama, kisha akaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi.

Afande, naomba hapa nisiwe na aibu, maana aibu zangu nyingine zote nimeshaziandika. Mtu mwingine angekuambia amekuja hapa kwa sababu dhamiri ilimsuta. Yangu ilinisuta, sikatai. Lakini kilichonitoa kitandani leo ni wivu. Nililala nikimwona kwenye sakafu yenu, ametulia, hajanitaja, na watu wote wanamwona shujaa kwa kosa ambalo ni la kwangu. Nikasema hapana. Cheo alichukua. Makofi alichukua. Kiti cha mama mkwe amekalia. Hilo shimo nilichimba mimi, kwa mikono yangu, bila shahada, na sitakubali aje alale humo yeye aitwe mwenye moyo.

Kwa hiyo naweka wazi. Kichungi kile niliandika mimi kuanzia mstari wa kwanza. Mwanyumba aliomba kukikagua, nikamkatalia kwa kiburi. Kosa la kutouliza kama safu imo ndani ya jedwali ni langu. Nililiona tarehe 6 saa nne na dakika kumi nikanyamaza. Msambazaji simjui hata sura, na mwanyumba sina sababu ya kudhani anamjua. Msinichukulie kwa mdomo tu, nina sifa ya kuongea: mfumo unaandika kila jina linalojaribiwa, saa na mtu aliyejaribu. Fungueni kumbukumbu za siku hiyo mtakuta kuu.madereva.kuharibika, mara mbili, na jina langu pembeni. Nilikijenga kipengele hicho mwaka wa tano na ni kizuri sana. Hakiwezi kufutwa, hata na mimi. Nilijaribu usiku wa Jumatatu.

Meneja anaweza kuwaambia kwamba nimekuja kumkinga ndugu. Mwambieni asome haya.

Niliyoyaona, niliyoyafanya na niliyoyanyamazia ndiyo hayo. Hakuna aliyenilazimisha wala kuniahidi kitu. Nimeyasoma tena tangu juu, na sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)
Saa 5:50 asubuhi

MAELEZO YA OFISA

Shahidi ameandika mwenyewe mbele yangu. Nilimshauri aondoe sehemu zisizohusu kesi, alikataa. Nilipomsomea muhtasari wa jalada, aliomba palipoandikwa "programu iliyotengenezwa na kitengo" pasomeke kwamba ilitengenezwa na yeye. Nimeparekebisha na ameweka sahihi pembeni.

Saa 7:10 mchana kumbukumbu za mfumo zimeletwa kutoka ghalani na zinalingana na maelezo yake. Nimemwonya shahidi kisheria kwamba kuanzia sasa atahojiwa kama mshukiwa kwa uzembe na kuficha hatari. Amesema ameelewa.

Mtu aliyekuwa mahabusu ameachiwa saa 8:00. Hadi naandika haya, saa 9:35, amekaa kwenye benchi la nje. Ameagiza chai mbili, moja akaomba iingizwe ndani, na anasema haondoki bila kaka yake. Nimempelekea mshukiwa ile chai na ujumbe. Ameipokea, akasema: "Mwambie arudi nyumbani kwa mke wake. Hata kunisamehe anataka aniwahi." Kisha ameinywa yote.